Kibati cha Shemeji

Usiku ule sikulala. Nilikaa kwenye kigoda kati ya kitanda cha Baba na meza ya televisheni, simu mapajani, waya wa chaji umenyooka kutoka ukutani, nikingoja binti yangu apige. Nilikuwa nimemtuma asubuhi kwa kaka yangu, mji wa mbali, safari ya saa tano kwa basi, akamwambie kwamba Baba yuko ukingoni na anamwita. Kaka simu anayo, ila huiwasha akipenda, na hapendi mara nyingi. Kazi yake ni kuchoma mikate usiku. Kwa hiyo binti yangu alitakiwa kukaa nje ya kiwanda cha mikate mpaka mapumziko ya saa sita, ndipo amwone.

Mimi ni mtu wa kuwaza. Watoto wangu hunitania kwamba mtu akichelewa nusu saa mimi nimeshamzika na kurudi nyumbani. Usiku ule nilishaona basi limepinduka, nikaona binti amepotea mtaa, nikaona Kaka amemfukuza bila kumtazama usoni. Baba alilala chali, mdomo wazi, akikoroma. Mtu aliyekuwa na kifua kama pipa, sasa nguvu zake zote zilikuwa zimebaki kooni.

Jioni alikuwa amepita muuguzi, jirani yangu wa mlango wa tatu. Alimshika Baba nyayo, akazifunika tena taratibu.

"Dada, miguu imeanza kupoa. Kama kuna wa kuitwa, aitwe."

"Ameitwa."

"Basi asije kwa maringo."

Simu ililia saa saba kasoro robo.

"Mama, nimemwona."

"Anakuja?"

"Ngoja kwanza. Amenipa mkate wa moto, amenikalisha juu ya gunia la unga. Mama, mnafanana, mpaka namna ya kukuna sikio."

"Wewe mtoto, nimekuuliza anakuja au haji?"

 Nyuma yake nilisikia trei zikigongana na mwanamume akikohoa.

"Amesema hivi: 'Mwambie mama yako, babu yako akisema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba mimi sikuuza, napanda basi la kwanza. Asiposema, mzikeni na salamu zangu.' Mama, hakuuza nini?"

"Kibati."

"Kibati gani?"

"Tafuta pa kujiegesha, mwanangu. Kukicha urudi."

Nikakata simu kabla hajaongeza swali. Duniani kote alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua kibati kile kilikwenda wapi, na mtu huyo ni mimi. Sikuwahi kumwambia yeyote. Hata marehemu mume wangu, niliyelala naye mto mmoja miaka ishirini na miwili, sikumwambia.

Baba alikuwa mtu wa mbwa. Sisemi mfugaji. Aliajiriwa na manispaa, kikosi cha watu watano wenye gari la wazi na bunduki moja, wakizunguka mitaani kuua mbwa wasio na vibati. Zama zile mbwa aliyelipiwa kibali alivalishwa mkanda wa shingoni wenye kibati cha duara, kimepigwa namba. Mwenye nacho aliachwa. Asiye nacho alipigwa pale alipokutwa, hata awe wa mkubwa gani. Bunduki ilikuwa mkononi mwa Baba, kwa sababu mkono wake haukutetemeka.

Watoto wa mtaa wakimwona walikamata mbwa wao wakakimbia nao ndani. Lakini akishavua buti na kunawa, alikuwa mcheshi hata wageni wakasahau kuaga. Hakuna kilichoingia nyumbani kwetu kikakosa jina. Kuku wetu mwenye shingo tupu alimwita Askari, kwa kuwa alizunguka uani akikagua sufuria za watu. Mimi aliniita Macho. Alisema nilizaliwa nimeyakodoa, nikamhesabu mkunga vidole kabla sijalia. Na mbwa wa kaka yangu alimwita Shemeji.

"Kwa nini Shemeji?" Mama alimuuliza.

"Mtazame. Hana kazi, hana haya, na hutokea chakula kikiiva. Huyo si ni kaka yako mtupu?"

Mama alimrushia mwiko, ukampata begani, wakacheka mpaka Mama akakaa chini.

Kaka alikuwa na miaka kumi na mmoja alipomwokota yule mbwa kwenye mtaro, kitoto hakijafumbua macho vizuri, siku moja baada ya gari la manispaa kupita mtaa huo. Baba alijua fika mama yake yule mbwa ameishia wapi.  Kesho yake alirudi na mkanda na kibati, akamvalisha mwenyewe, akamwambia Kaka, "Hiki kikitoka shingoni, mimi simjui." Kaka alikisugua kibati kila Jumamosi kwa majivu na kitambaa mpaka kikang'aa kama kijiko kipya. Shemeji alikuwa na rangi ya majani ya chai yaliyochemshwa mara mbili, sikio moja limesimama, jingine limelala. Kaka alimfundisha kubeba kiatu bila kukitafuna, na kukaa kitako akiona mtu mzima amesimama mbele yake. Waliongozana kila mahali isipokuwa darasani. Kaka alikuwa mtoto wa maneno machache, lakini usiku nilimsikia akimsimulia mbwa mambo ya siku nzima.

Mimi nilikuwa na paka, mweupe mwenye doa jeusi kidevuni. Baba alimwita Mama Mdogo, maana alivyotembea ungedhani kodi analipa yeye. Alilala miguuni kwangu. Nilimpenda kwa hofu. Nikiamka usiku nilipapasa kwanza kama yupo, ndipo nikageuka upande wa pili.

Nilikuwa na miaka minane, na Kaka kumi na mitatu, jioni Baba alipoweka kijiko chini mezani na kusema, "Mbwa wamekwisha mjini. Bwana afya anasema kesho tunaanza na paka."

Nilishika ukingo wa meza. "Paka wana vibati?"

"Paka kibati akitoe wapi? Paka ni kupigwa tu."

"Acha maneno yako, ule," Mama alisema. Kaka akacheka, Baba akacheka hadi akapaliwa, Mama akampiga mgongoni. Kumbe alikuwa amemkonyeza Mama. Mimi sikuona. Mimi, Macho, nilikuwa nimeinama chini ya meza nikimtazama paka wangu akila mfupa.

Alfajiri Baba aliondoka. Nilitoka kitandani, nikaenda mlango wa jikoni alikolala Shemeji. Nilifungua mkanda wake. Alinilamba mkono, akaendelea kulala. Nikamzungushia Mama Mdogo mara mbili, kibati kikamning'inia kifuani kama sahani, nikamfungia kwenye sanduku la nguo, mfuniko nimeutegemeza kwa ndala apate hewa. Nilikuwa nimefikiri sana. Nilijiambia Shemeji anaye Baba, na Baba ndiye mwenye bunduki, nani atamgusa? Mama Mdogo alikuwa hana mtu ila mimi. Nikaenda shule nimetulia moyo, na kutulia moyo kwangu ni jambo la nadra.

Yaliyotokea tulisimuliwa na fundi viatu wa kona, aliyeyaona kwa macho yake. Kikosi kilisimama mbele ya kibanda chake. Shemeji akasikia harufu ya Baba kutoka mbali, akaja mbio, mkia unapiga mbavu zote mbili, akamwekea Baba miguu kwenye suruali. Bwana afya, mkubwa wa kikosi, akauliza, "Mbwa wa nani huyu?" Baba akatazama shingo. Mwezi uliopita mwenzao alikuwa amefukuzwa kazi siku hiyo hiyo kwa kukutwa na mbwa asiye na kibati nyumbani kwake. Mfanyakazi wa kikosi, akaambiwa, hana udhuru.

"Simjui," Baba alisema.

"Basi fanya kazi yako."

Fundi viatu alisema Shemeji alikuwa ameshakaa kitako, kwa adabu, kama alivyofundishwa.

Nilizipata habari njiani natoka shule. Nilikimbia nyumbani, nikamfungua paka, nikauchukua mkanda na kibati chake nikautumbukiza kwenye shimo la choo. Nilisikia ukigusa chini. Halafu nikanawa mikono, nikakaa karibu na Mama nikamsaidia kuchambua mboga.

Baba alirudi kwa miguu, hakupanda gari la kazini. Hakuvua buti. Alisimama katikati ya chumba.

"Kibati kiko wapi?"

Kaka alikuwa kwenye mkeka, macho yamevimba. "Sijui, Baba."

"Na tochi ile umeitoa wapi?"

Wiki ile Kaka alikuwa na tochi mpya. "Nimebeba magunia kwa muuza nafaka. Kamuulize."

"Umeuza kibati." Watu walikuwa wakinunua vibati kwa siri siku zile, wavalishe mbwa wao. "Umeuza, ukanunua tochi. Na mimi nikaambiwa nifanye kazi yangu."

"Sikuuza, Baba. Wallahi sikuuza."

Hapo Kaka alitazama kila mtu chumbani. Alimtazama Mama muda mrefu, akatazama sufuria mpya iliyokuwa jikoni, iliyokuja wiki ile ile, kisha akanitazama mimi.

"Muulizeni Macho. Jana usiku mkanda ulikuwepo, alimwona nao."

"Macho," Baba aliniita. Sauti ilikuwa haina mtu ndani. "Uliuona?"

Nilikuwa nimeshika gauni la Mama kwa nyuma. "Sikuona."

"Umesikia? Hata huyu hakuona, na huyu huona kila kitu."

Hakumpiga. Laiti angempiga. Alimpa jina. "Kuanzia leo wewe ni Kibati. Kibati, nipishe." Akaenda kunawa.

Majina ya Baba hayakuwahi kubanduka. Kufikia Jumatatu shule nzima ilimwita Kibati. Watoto wakimwona walishikilia mifuko na kupiga kelele, "Fungeni mbwa, mfanyabiashara anapita!" Miezi ya kwanza alijibu, "Sikuuza." Baadaye akaacha kujibu, na baadaye zaidi akawa anaitika. Mama Mdogo aliendelea kulala miguuni kwangu. Kaka hakumpiga teke hata siku moja. Alimwekea maziwa nilipokuwa mgonjwa.

Kila siku nilijiambia nitasema kesho. Nilidhani maneno yanangoja.

Aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na mitano, akaanza kazi ya kusafisha trei kwenye kiwanda kidogo cha mikate mjini kwetu. Alikuwa mfanyakazi mzuri. Mwaka wa tatu sukari ikapotea ghalani, meneja akawapanga wote ukutani. Kwenye orodha ya zamu mtu alikuwa ameandika "Kibati". Meneja akauliza jina hilo limetoka wapi. Mmoja akamweleza, kwa kucheka tu, hakuwa na nia mbaya. Kaka alitolewa getini mchana ule na aproni yake mkononi. Mwizi wa sukari alikamatwa mwezi uliofuata. Hakuna aliyemfuata Kaka kumwambia.

Akaenda mji ule wa mbali ambako hakuna anayemjua. Alikaa huko wiki tatu bila jina, mpaka dereva mmoja wa lori, mtu wa kwetu, alipomwona amebeba mabunda ya mikate akapiga honi. "Kibati! Kumbe umejificha huku!" Ikawa basi.

Amechoma mikate miaka thelathini na sita. Mikono yake, kuanzia kiganja hadi kiwikoni, ina mistari ya kuungua kwa trei, mstari juu ya mstari. Unga umemkaa kwenye nyusi hata siku za mapumziko. Aliwahi kuishi na mwanamke miaka minne. Nilikutana naye mara moja baada ya kuachana, mwanamke mpole, akaniambia, "Wifi, kaka yako hana ubaya. Ila kila akirudi nyumbani anasimama mlangoni, anatoa mifuko ya suruali nje, yote, ananionyesha. Sijamuomba. Nilimwambia acha, akasema sawa, kesho akafanya tena. Mimi nilishindwa kuishi na mifuko ile." Wanyama hakufuga tena. Akimwona mbwa upande huu wa barabara, huvuka.

Mama alipofariki tulimngoja siku mbili. Yalikuja magunia mawili ya mikate, bado ina uvuguvugu, juu ya lori. Yeye hakuja. Watu walikula mikate ile na kumsema. Nilikuwa nagawa vipande na kusikia, "Hata mama mzazi!" na sikufungua mdomo.

Kwa hiyo, asubuhi ile baada ya simu ya binti yangu, nilijua la kufanya. Nitamwambia Baba ukweli, Baba atatamka, nitampigia binti yangu kabla hajapanda basi, Kaka atakuja. Mambo matatu tu. Nilimwosha Baba uso, nikamwinua kwenye mito. Macho yake yalikuwa safi kuliko nilivyoyaona kwa wiki nzima, nikasema moyoni, hii ndiyo bahati yangu.

"Baba, unamkumbuka Shemeji?"

"Shemeji yupi? Ninao sita, wote walaji."

Nilicheka. Machozi yalikuwa yameanza kunitoka nikiwa bado nacheka. "Mbwa, Baba. Mbwa wa Kaka."

"Mbwa." Alifikiri. "Mbwa nimeua wengi mno."

"Huyu alikuwa wetu. Alikuwa na sikio moja limelala."

"Sisi tulifuga kuku. Askari. Shingo tupu yule." Akatabasamu. "Na paka wako mweupe, Mama Mdogo, mwenye nyumba. Mbwa hatukufuga. Mtu wa kazi ile afuge mbwa, ana wazimu?"

Nilipiga magoti nikamshika mkono. Nilimwambia yote. Nilimwambia habari ya utani wa paka mezani, sanduku la nguo, ndala, shimo la choo. Nilimwambia, "Kaka hakuuza, Baba. Ni mimi. Sema tu hakuuza." Alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mgeni aliyekosea nyumba.

"Macho," alisema nilipomaliza, "nipe maji."

Nikampa. Alikunywa mafunda mawili.

"Kibati mbona haji? Mwite Kibati. Nataka nimwone mwanangu."

"Kwa nini unamwita Kibati, Baba?"

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini maji yanaitwa maji. "Si ndilo jina lake?"

Akafumba macho. Nilijaribu tena saa nne, nikajaribu saa tano. Mara ya mwisho alinisihi nisimsumbue, akaniita kwa jina la Mama.

Binti yangu alifika adhuhuri. Nilimwachia Baba, nikamwambia amwite muuguzi kila baada ya saa moja, nikapanda basi la saa saba. Sikuwa na neno la Baba mkononi, kwa hiyo nilitengeneza la kwangu. Njia nzima nilikuwa nalifanyia mazoezi, midomo inatikisika, abiria wa jirani akadhani naomba dua akanipa nafasi zaidi. Amesema mwanangu hakuuza. Amesema mwanangu hakuuza. Nilijiambia uongo huu hauna ubaya, unamrudisha mtu kwa baba yake. Ule wa kwanza nao nilikuwa nimeusema kwa sababu nzuri.

Kaka amepanga chumba kwenye nyumba ndefu yenye milango minane inayotazama ua wa saruji. Katikati kuna bomba, na siku ile palikuwa na mwanamke anafua blanketi kwa miguu. Nilimkuta Kaka anajiandaa kwenda kazini, shati limefungwa vifungo hadi juu, mlango umefunguliwa kiasi cha bega. Nyuma yake niliona kitanda kimetandikwa bila kunyanzi na kikombe kimoja juu ya stuli.

"Macho," alisema. "Umezeeka."

"Na wewe umekuwa mweupe, Kaka."

"Unga huu." Alijipangusa nyusi. Hakunikaribisha. "Amesema?"

"Amesema."

Nilimwona anavyoshika fremu ya mlango. Mtu wa miaka hamsini na sita, mabega yakamshuka kama mtu aliyetua gunia.

"Amesemaje? Niambie maneno yake yeye."

"Amesema, 'Mwanangu hakuuza.'"

Yale mabega nikayaona yanapanda tena, taratibu.

"Baba hasemi hivyo," alisema. "Baba angetoka na kichekesho kwanza. Angesema, 'Mpumbavu yule hawezi kuuza hata maji jangwani.' Macho, unadanganya."

"Kaka..."

"Umenijia saa tano za njia kunidanganya mlangoni kwangu?"

Mwanamke wa bomba aliacha kufua. Nikamwambia Kaka tuingie ndani. Hakusogea. Basi nilisema pale pale, uani, kwa sauti ya chini, nikitazama vifungo vya shati lake. Nilimwambia Baba hakumbuki, hata mbwa hamkumbuki, amebaki na jina tu. Nilimwambia ni mimi niliyeuvua mkanda, kwa ajili ya paka, na nimeutupa chooni, na nilipoulizwa nilisema sikuona. Nilisema nilikuwa na miaka minane. Nikasikia lile neno likitoka na nikaona halinifai, maana nilikuwa na miaka ishirini pia, na thelathini, na arobaini.

Nilidhani atanipiga, au atalia. Nilikuwa tayari kwa yote mawili. Aliuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Si Mama?"

"Mama amefanya nini?"

"Si Mama aliyekiuza?"

"Mama hakujua chochote, Kaka. Mpaka anakufa."

"Palikuwa na sufuria mpya."

"Alipewa na mama mwenye nyumba, ilikuwa na tundu, akaliziba."

Alitikisa kichwa kidogo kidogo, kama anayehakiki hesabu ya trei. "Mimi nilijua ni Mama," alisema. "Nilisema, hana kitu, kakiuza, anaogopa kusema. Nikanyamaza kwa ajili yake. Nikasema siku moja atanivuta pembeni aniambie asante, mwanangu. Nilimngoja. Kila mwaka nilimngoja. Nikamkasirikia mpaka..." Hakumaliza. Alitazama bomba, akatazama blanketi lenye povu. "Sikwenda kumzika."

"Najua."

"Hujui."

Nilinyoosha mkono nimguse pale kwenye mistari ya kuungua. Aliurudisha mkono wake nyuma.

"Yule paka," akasema, "aliishi miaka mingapi?"

Ningeweza kusema miwili. Nilikuwa nimechoka kudanganya.

"Kumi na mmoja."

"Mingi," alisema. "Alikuwa paka mzuri." Akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliusukuma polepole kama mtu anayemfungia mtoto aliyelala, halafu nikasikia komeo.

Niligonga. Nikaita Kaka, nikaita tena, nikamwita kwa jina lake alilopewa alipozaliwa, ambalo halijatamkwa miaka arobaini na tatu, na hata mdomoni mwangu lilikuwa la mtu mwingine.  Simu yangu ikalia. Niliona ni binti yangu, nikajua kabla ya kuiweka sikioni. Alikuwa analia, na nyuma yake muuguzi alikuwa anasema, "Mwambie taratibu, mwambie taratibu."

Niliweka paji la uso kwenye ubao. "Kaka, Baba ametutoka. Sasa hivi. Njoo tuondoke wote, basi la mwisho bado halijaondoka."

Kitanda kililia, kama mtu amekaa juu yake kwa uzito wote. Basi.

Mwanamke wa bomba alikuja akifuta mikono kwenye kanga yake, akasimama hatua chache kutoka kwangu. "Pole, dada. Ila huyo akishafunga hafungui. Sisi tunamjua. Hata mwenye nyumba humpitishia karatasi chini."

"Ataenda kazini," nilisema. "Saa mbili lazima atoke aende kazini."

"Labda."

Nilikaa kwenye saruji, mgongo ukiwa umeegemea mlango, nikangoja saa mbili. Ilifika. Kwenye milango mingine watu walipika, wakala, wakavuta mapazia. Saa tatu kijana wa kiwanda alikuja kumuulizia, akasema tangu aajiriwe hajawahi kumwona mzee akikosa zamu, akagonga, akaondoka akitazama nyuma. Chini ya mlango palikuwa na ufa wa mwanga wa taa, upana wa kidole. Nilipitisha vidole vyangu pale, nikaviacha. Baada ya muda taa ikazimwa.